Pampu za maji za umeme: Kwa nini gari huchemka bila dalili?

Dereva aliyekwama katika foleni ya Barabara ya Jinja jijini Kampala anapoona taa ya joto ikiwaka ghafla, kwa kawaida hushuku rejeta au mkanda. Hata hivyo, katika baadhi ya magari yaliyotumika yanayoingizwa kutoka Japani, chanzo chaweza kuwa pampu ya maji inayoendeshwa kwa umeme.

Pampu ya zamani huzungushwa na mkanda wa injini. Ya umeme ina mota yake na huamriwa na kompyuta ya gari, hivyo husukuma maji kwa kiasi kinachohitajika tu na kupunguza matumizi ya mafuta. Toyota Prius ya kizazi cha tatu, iliyozinduliwa mwaka 2009, haina mkanda wowote wa pampu.

Tatizo ni namna inavyoharibika. Pampu ya mkanda mara nyingi huvuja au kupiga kelele kabla ya kufa. Ya umeme yaweza kuzimika mara moja, kwa hitilafu ya mota, waya au fyuzi. Mwezi Novemba 2012, Toyota iliyaita magari takriban milioni 2.77 duniani kwa marekebisho ya usukani na, katika baadhi ya magari ya haibridi, pampu ya umeme ya maji.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 huzuia kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Lakini gari la miaka kumi laweza kuwasili likiwa na pampu iliyokwisha kuchoka.

Kuongeza maji ya bomba badala ya kipozeo maalumu huleta kutu na ukoko. Isitoshe, Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji matupu katika chombo kilicho wazi huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi.

Taa ikiwaka, dereva asimame mahali salama, azime injini na asifungue kifuniko kabla haijapoa. Kuendelea na safari kwaweza kuunguza gasketi ya kichwa cha injini, na kwa dereva wa teksi hasara hiyo ni gharama ya ukarabati pamoja na siku kadhaa bila kipato. Baada ya kubadilisha pampu, fundi hana budi kutoa hewa yote katika mfumo, la sivyo pampu mpya nayo itashindwa kusukuma maji.