Kabla hujabandika, uulize ukuta

Mpangaji wa Dar es Salaam hana sauti kubwa juu ya chumba anacholipia. Msumari hagongi bila ruhusa, rangi habadilishi bila mjadala, na hata akiibadilisha kwa fedha yake mwenyewe, siku ya kuhama anamwachia mwenye nyumba. Karatasi za kubandika ukutani, zile zinazokuja na gundi yake nyuma, zimeingia hapohapo. Unabandua ngozi ya nyuma, unabandika, na ukihama unabandua tena. Hakuna ndoo ya rangi wala fundi wa kutwa nzima.

Ukipita maduka ya Kariakoo utaziona zimesimamishwa mlangoni, roli kwa roli: marumaru ya kuigiza, mbao ya kuigiza, maua makubwa, mistari ya dhahabu. Nyingi zimetoka China. Jina karatasi ni la mazoea tu, maana nyingi ni plastiki ya PVC. Kuna na vile vigae vya sponji vyenye sura ya matofali, kimoja sentimita 70 kwa 77. Hivi huwa vinanichekesha. Mtu wa mji huu anahangaika miaka apate saruji ya kupiga plasta ili tofali lisionekane, maana nyumba yenye tofali wazi bado haijaisha. Akishapiga plasta, anatoa hela nyingine kununua tofali la sponji alibandike juu yake.

Ila hamu ya kuupamba ukuta si ngeni kwetu. Kurasa za magazeti zimebandikwa kwenye kuta za udongo na za mabati tangu zamani, kwa urembo na kwa kuziba upepo. Na huko Lamu, katika nyumba za kale za mawe, ukuta wenyewe ulichongwa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kupangia sahani na vyombo vya kauri.

Kuta hizo za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar ndizo ningeomba zisiguswe kabisa na plastiki. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua: inameza unyevu na kuutoa tena hewani. Ukiufunika ukuta wa namna hiyo kwa PVC, maji yanakosa njia. Yanakaa nyuma ya karatasi, gundi inalegea, na fangasi wanapata makao.

Ukuta wa bloku za saruji nao una maradhi yake. Nyumba iliyojengwa bila nailoni ya kuzuia maji kwenye msingi inayafyonza kutoka ardhini, na masika ikifika unaona rangi inavimba futi mbili tatu kutoka sakafuni, huku chumvi nyeupe ikichanua kama unga. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia dukani. Wanataka kuficha. Mimi nasema karatasi hii inunuliwe kwa urembo, isinunuliwe kwa kuficha, kwa sababu ukuta mbovu utaitema, tena na safu ya rangi juu yake.

Kuujua ukuta hakuhitaji mtaalamu. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na vumbi jeupe, rangi hiyo ya maji ya bei chee imeshachakaa, na gundi itashika vumbi badala ya kushika ukuta. Bandika kipande cha selotepu, kisugue vizuri, kisha kinyofoe kwa nguvu. Kikija na magamba ya rangi, jibu umelipata. Kwa unyevu, chukua nailoni inayoonyesha, ibane ukutani kwa selotepu pande zote nne, uiache mpaka kesho. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta una maji, na cha kutafuta ni fundi wa msingi au wa bomba. Plasta mpya nayo isubiriwe ikauke, si chini ya mwezi.

Ukuta ukiwa salama, kuna mtego wa hesabu. Tuseme ukuta una upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, yaani mita za mraba 8.1. Roli ina upana wa sentimita 45 na urefu wa mita 10, sawa na mita za mraba 4.5. Muuzaji anapiga hesabu kwenye simu: "Mbili zinakutosha, dada yangu, na chenji inabaki." Kwa kikokotoo ni kweli. Ukutani, roli moja inatoa vipande vitatu tu vya kushuka kutoka dari hadi sakafu, na mabaki ni mafupi. Roli mbili ni vipande sita, sawa na upana wa mita 2.7. Sentimita 30 zinabaki uchi, au unaunga viraka. Hesabu vipande, usihesabu eneo, na ununue zote siku moja zenye namba moja ya toleo kwenye lebo, kwani toleo jingine linaweza kuja na weupe tofauti.

Fundi mzoefu haanzii kona. Kona za nyumba zetu nyingi hazijanyooka, na kosa la nusu sentimita kwenye kipande cha kwanza linakua kila unaposogea, mpaka maua ya mwisho yanalala upande. Anaangusha timazi, anachora mstari kwa penseli, anaufuata huo. Ngozi ya nyuma anaibandua kidogokidogo, huku mkono wa pili ukisukuma hewa kwa kadi ya plastiki iliyovishwa kitambaa. Gundi hii hushika kwa kukandamizwa, kwa hiyo kiganja kinachopapasa hakitoshi.

Jikoni, weka mbali na moto. PVC ikiungua inatoa moshi mkali wa tindikali, na vigae vya sponji nyuma ya jiko la gesi ni jambo la kukataa moja kwa moja.

Siku ya kuhama, pasha kona ya juu kwa mashine ya kukaushia nywele hadi gundi ilainike, kisha vuta kuelekea chini ukiikunja karatasi ilale karibu na ukuta, polepole. Ukiivuta kuja kifuani kwako, rangi inafuata. Gundi inayosalia inafutwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Picha za ukuta ulivyokuwa kabla hujabandika ziwe kwenye simu, maana ugomvi wa rangi iliyobanduka huzuka mlangoni wakati wa kukabidhi funguo. Na mwenye nyumba akiipenda kazi yako akakuomba uiache, bei muizungumze funguo zikiwa bado mkononi mwako.