Wimbo wa taifa ulitoka Tana: namna ya kuwafundisha watoto wasanii na watunzi nyumbani

Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi, watoto wa shule za huku Mwihoko, Ruiru, husimama kwenye paredi, bendera ikapandishwa, nao wakaimba wimbo wa taifa. Wengi wao hawajawahi kuiona bahari. Lakini mahadhi wanayoyaimba yametoka Pwani. Ni mahadhi ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, kando ya Mto Tana, waliuimba kuwabembeleza watoto walale.

Mwaka wa 1963, nchi ikijiandaa kwa uhuru, jopo la watu watano lilipewa kazi ya kutayarisha wimbo huo. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Thomas Kalume, mtu wetu wa Pwani. Maji ya Mto Thika, ulio jirani na sisi hapa, huteremka na kuingia Tana. Wimbo wa Wapokomo ulipanda njia hiyohiyo kinyumenyume, na leo unaimbwa kila shule ya nchi hii.

Sasa mzazi mwenzangu, mwite mtoto wako umuulize: nani aliutengeneza wimbo wa taifa? Taja mchoraji mmoja. Taja mtunzi mmoja wa muziki. Akijibu, huenda akataja Mzungu aliyekufa zamani, kwa kuwa ndiye aliyemwona kitabuni. Asipojibu, basi kwake nyimbo na picha ni vitu vinavyojiotea tu, kama nyasi baada ya mvua. Hajui kwamba nyuma ya kila kazi kuna mtu aliyekaa chini akafikiri, akakosea, akafuta, akarudia.

Makala haya yanaeleza jinsi mzazi wa kawaida, asiye na kinanda wala shahada ya sanaa, anavyoweza kuliziba pengo hilo sebuleni kwake.

Kwa nini nyumbani?

Shule zina somo la sanaa, na mtaala wa CBC umelipa nafasi. Lakini darasa lenye watoto wengi na kipindi kifupi haliwezi kumpa kila mtoto muda wa kutazama picha moja kwa utulivu au kusikiliza wimbo mmoja mara tatu. Nyumbani muda huo upo, hata kama ni dakika kumi baada ya chakula cha jioni.

Kuna sababu nyingine inayowagusa wazazi wa sasa moja kwa moja. Januari 2026 kundi la kwanza la CBC liliingia gredi ya 10, na katika sekondari pevu mwanafunzi hufuata mmoja wa mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Uamuzi huo hufanywa mtoto akiwa na miaka 14 au 15 hivi. Mtoto ambaye hajawahi kusikia habari za msanii hata mmoja hawezi kuuchagua mkondo wa sanaa akijua anachokichagua. Wala hawezi kuukataa akijua anachokikataa. Atafuata marafiki, au atafuata hofu ya wazazi wake.

Na nyumba ndiyo shule ya zamani zaidi ya sanaa. Mwaka wa 1720, huko Ujerumani, Johann Sebastian Bach alimwanzishia mwanawe Wilhelm Friedemann, mtoto wa miaka tisa, daftari la vipande vya kinanda vya kujifunzia. Mozart alifundishwa na baba yake mzazi, Leopold, ambaye naye alikuwa mwanamuziki. Huku kwetu, ngoma, ususi wa mikeka na uchongaji wa milango vimepokezwa vivyo hivyo, mkubwa akifanya na mdogo akitazama.

Mmoja kwa muhula

Kosa linalowachosha watu ni kutaka kufundisha kila kitu. Mtoto anapewa majina kumi na miaka kumi, anayakariri, kisha yanapotea. Chukua mtu mmoja kwa muhula. Mwaka una mihula mitatu, kwa hivyo mtoto atawajua watu watatu kwa mwaka. Kutoka gredi ya 1 hadi ya 6 atakuwa amekutana na watu 18. Hao wanamtosha, na atawakumbuka.

Kwa kila mtu, chagua kazi tano au sita. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923, alikuwa na njia rahisi ya kutazama picha ambayo wazazi wengi wanaofundisha nyumbani wanaitumia hadi leo. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, mwonyeshe mtoto picha, usiseme neno. Mwache aitazame hadi aseme ameimaliza.

Pili, ifunike, au ugeuze simu. Mwambie akueleze alichokiona: nani yuko wapi, rangi gani, nini kinaendelea.

Tatu, ifunue tena mtazame pamoja. Hapo ndipo mtoto hugundua alichokikosa, na hapo ndipo jicho hujifunza.

Nne, mwambie jina la mchoraji na kisa kimoja cha maisha yake. Kimoja tu.

Kwa muziki, fanya hivyo kwa masikio. Sikilizeni wimbo mara moja kimya. Mara ya pili, mtoto ataje ala anazozisikia. Mara ya tatu, apige makofi kufuata mdundo. Kisha mwache wimbo huo upigwe nyumbani wiki nzima mkipika na kuosha vyombo. Siku ya Jumapili atauimba bila kuambiwa.

Mwisho, mpe kitu atengeneze. Mtoto aliyejaribu kuchora chui ndiye atakayeheshimu chui wa mwingine.

Watu wa kuanza nao

Anza na watu ambao kazi zao mtoto anaweza kuzitambua kwa urahisi, kisha mpeleke mbali.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 kusini mwa Tanganyika. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akawa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam. Mwaka wa 1968 hivi alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya ubao mwembamba wa kiwandani, kwa sababu ndivyo vifaa alivyovimudu. Alifariki 1972, lakini mtindo wake umebaki na jina lake, na picha za namna hiyo zimejaa katika maduka ya vinyago. Mtoto akiziona, mwambie Tingatinga lilikuwa jina la mtu.

Siti binti Saad wa Unguja, aliyezaliwa miaka ya 1880 hivi, alikuwa akichuuza vyungu mitaani, na sauti ya kuitia wateja ikawa sauti ya kuimbia. Mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili, jambo ambalo mwanamke wa Afrika Mashariki hakuwa amelifanya kabla yake. Alifariki 1950. Shaaban Robert alimwandikia kitabu cha wasifu wake. Watoto hukipenda kisa cha vyungu.

Elimo Njau, aliyezaliwa 1932 upande wa Kilimanjaro na kusomea sanaa Makerere, alichora michoro ya ukutani katika kanisa kuu la Anglikana la Murang'a, iliyokamilika 1959. Inaonyesha maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa, lakini watu ni Waafrika na vilima ni vya Murang'a. Mwaka wa 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, kituo cha sanaa Nairobi. Jina lenyewe ni somo la Kiswahili: paa ni mnyama, na kupaa ni kupanda juu.

Joseph Kamaru, aliyezaliwa 1939 Murang'a na kufariki 2018, aliimba kwa Kikuyu nyimbo za mapenzi, za methali na za kuwaonya viongozi. Mjukuu wake mwenye jina hilohilo, anayejulikana kama KMRU, ni msanii wa sauti anayesikilizwa nchi za nje, na amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake. Kwa mtoto wa Mwihoko anayezungumza Kikuyu na nyanya yake, huyu ndiye mlango mwepesi kuliko wote.

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi 1972. Mwaka wa 2019 sanamu zake nne za shaba ziliwekwa katika nafasi za ukuta wa mbele wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, nafasi zilizokuwa tupu tangu ukuta huo ukamilike 1902. Mtoto ajue kwamba mchongaji anaweza kuwa mwanamke, Mkenya, na yuko hai.

Baada ya hao, wapeleke kwa Bach, Mozart na Beethoven, kwa akina Rembrandt na Van Gogh. Hakuna ubaya wowote kwa mtoto wa Ruiru kumpenda Bach. Korogocho, safari fupi kutoka hapa, watoto wamekuwa wakijifunza fidla na tarumbeta chini ya mpango wa Ghetto Classics tangu 2008. Ubaya ni mtoto kudhani hao wa mbali ndio wote.

Swali la tumbo

Mzazi atauliza: sanaa italeta ugali mezani? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kumpamba mtoto kwa maneno matamu. Tingatinga alifariki bado kijana, kabla ya jina lake kuvuma duniani. Fadhili William, mwanamuziki mwenye asili ya Taita, aliurekodi wimbo "Malaika" 1960, ukaimbwa kote duniani na watu kama Miriam Makeba. Lakini madai ya nani hasa aliutunga yaliendelea miaka mingi, wengine wakimtaja Adam Salim, na mabishano ya namna hiyo hayamnufaishi mtunzi yeyote.

Basi hilo nalo lifundishwe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo una maana pale mtunzi anapojulikana. Kwa hiyo mtoto azoee mapema: akimaliza mchoro, aandike jina lake na tarehe. Akiimba wimbo wa mtu, amtaje. Akitumia picha ya mtu katika kazi ya shule, aandike imetoka kwa nani. Tabia hiyo itamfaa hata akiwa daktari au mhandisi.

Gharama, safari na imani

Vifaa si vya bei kubwa. Makaa yaliyozimika huchora vizuri kwenye karatasi ya khaki. Fundi wa mbao wa mtaani ana mabaki ya ubao ambayo huyatupa. Ndoo kuukuu ni ngoma. Nyimbo na picha pakua mara moja penye intaneti nafuu, uzihifadhi kwenye simu, ili zisile bando kila jioni.

Kwa safari, familia ya Mwihoko inaweza kutoka Githurai na kupanda matatu ya Murang'a kwenda kuiona michoro ya Njau, au kwenda Nairobi Gallery mjini kuona vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Hata matatu zenyewe za Thika Road ni maonyesho. Mwambie mtoto kwamba sura zilizochorwa ubavuni zimechorwa na kijana fulani kwenye gereji fulani. Ninyi mlioko Pwani mna Fort Jesus, milango ya Lamu na wachongaji wa Kikamba wa Changamwe.

Wapo pia wazazi ambao kwa imani yao hawataki michoro ya viumbe hai nyumbani. Hawajafungiwa mlango. Watazame na watoto nakshi za milango, hati za Kiarabu zilizopambwa na pindo za kanga. Wasikilize udi wa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu. Zile hatua za kutazama, kufunika na kusimulia zinafaa kwa pindo la kanga sawasawa na zinavyofaa kwa picha ya chui.

Pa kuanzia wiki hii

Usingoje muhula mpya. Jioni moja wiki hii, mwombe mama yako, nyanya au jirani mzee amwimbie mtoto wimbo wa kubembeleza wa kwao, kwa Kipokomo, Kigiriama, Kikuyu, Kitaita au lugha yoyote ile. Urekodi kwa simu. Kisha mtoto aandike kwenye daftari mambo matatu: jina la aliyeimba, kijiji alikozaliwa, na jina la aliyemwimbia wimbo huo yeye alipokuwa mdogo.

Wale akina mama wa Tana walioulea wimbo wetu wa taifa hawakuandikwa na mtu. Huyu wa nyumbani kwako bado yuko, na kumwandika ni kazi ya jioni moja.