Habari ya kazi ifike mbele ya radio trotwari

Mwezi wa pili mwaka 2025, Serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje ya inchi. Ilisema miezi 4, kisha ikaongeza 3, na tangu tarehe 16 mwezi wa 10 kila kompani inauza kwa kipimo ilichopewa. Ku biro ile ilikuwa mambo ya bei. Kwetu sisi, Kolwezi na Fungurume, ulizo lilikuwa moja: bwana atabakia ku kazi?

Pale mukubwa ananyamaza, radio trotwari inasema. Mama anasikia ku soko kama watu mia mbili watafukuzwa, anamwambia bwana yake wakati anavaa bote, na bwana huyo anaenda kuendesha bene ya tani 100 ndani ya kariere. Macho iko ku njia, akili iko ku nyumba. Hatuombe bakubwa watoe siri za kompani. Waseme tu kile wanajua, na siku gani watasema ingine.

Tuangalie kozeri ya asubui, zile dakika 10 ao 15 mbele ya posti. Mara mingi kapita anasoma karatasi ya Kifaransa, watu wanatikisa kichwa, wanatia sinyatiri, basi. Sinyatiri haionyeshe kama mtu amesikia! Kapita muzuri anauliza kwa Kiswahili: «We papa, leo watalipua saa ngapi? Utapita njia gani?» Papa akikosa jibu, si kosa yake, ni tangazo halijafika. Na kapita akiulizwa kitu asichojua, aseme: sijue, nitaleta jibu kesho. Kesho alete. Asipoleta, hakuna mtu atauliza tena, hata siku ataona ukuta wa kariere umepasuka.

Kupokezana posti ni vilevile. Mtu wa usiku anajua pompe gani inasumbua. Akikimbilia bisi bila kusema, mwenzake anaanza kama kipofu. Wasimame pamoja dakika 5, na kompani izilipe, maana kusema mambo ya kazi ni kazi.

Wazee wanakumbuka Mwana Shaba, gazeti lililoanzishwa na Union Minière mwaka 1957, Gécamines ikaendelea nalo. Lilisifu kompani, tuseme ukweli. Lakini liliingia mpaka ndani ya nyumba. Leo tangazo linaweza kuishia ku WhatsApp ya mashefu.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inatambua delegasio ya sendika, yenye kuchaguliwa na watumikaji wenyewe. Basi delegue akitoka ku mkutano na direksio, aseme siku ile ile, hata kama jibu ni «bado». Na tarehe ya mshahara ikisogezwa, ibandikwe ku valvu kwa Kiswahili mbele ya tarehe yenyewe, si siku tatu nyuma, wakati mama ameisha kukopa unga.