Durban: Wanafunzi wa uzamivu na kazi ya kujenga ujirani ugenini

Katika eneo la Point, mjini Durban, meli zinazoingia bandarini hupita karibu kabisa na nchi kavu. Katika majengo ya ghorofa ya eneo hilo na mitaa ya jirani, Kiswahili husikika ngazini na madukani: cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Dar es Salaam na cha Mombasa.

Miongoni mwa wageni wanaoishi katikati ya jiji hili wamo waliokuja kusomea shahada za uzamili na uzamivu, katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal au Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Wamefuata elimu. Hata hivyo, hukutana mapema na swali lisilokuwamo katika tasnifu zao: mtu huwaje sehemu ya mji ambao anatarajiwa kuuaga baada ya miaka michache?

Masomo bila darasa

Chanzo cha kwanza cha upweke ni mfumo wenyewe wa masomo. Nchini Afrika Kusini, shahada ya uzamivu kwa kawaida hupatikana kwa utafiti na tasnifu, bila vipindi vya kila siku. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupata marafiki darasani. Wa uzamivu ana msimamizi wake, maktaba na kompyuta, na aweza kumaliza wiki nzima bila mtu kumwita kwa jina lake.

Chanzo cha pili ni karatasi. Chukulia Mtanzania, Mkenya na Mkongo wanaochangia kodi ya nyumba moja. Viza ya masomo humtaka mwenye nayo awe na bima ya afya iliyosajiliwa Afrika Kusini, na humruhusu kufanya kazi kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki.

Itifaki ya elimu ya nchi za SADC ya mwaka 1997 inataka wanafunzi wa nchi wanachama watendewe kama wenyeji katika suala la ada. Tanzania ni mwanachama, Kenya si mwanachama. Mkongo naye huenda ni mkimbizi au mwombaji hifadhi. Mwaka 2003 mahakama ya rufaa iliamua kwamba waombaji hifadhi hawawezi kuzuiwa moja kwa moja kufanya kazi na kusoma, lakini hulazimika kukihuisha kibali chake.

Hivyo watu watatu wanakula chungu kimoja, na kila mmoja ana hofu yake.

Waliotangulia

Swali hili si geni Durban. Mwaka 1873 Waingereza walianza kuleta hapa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakipitia Zanzibar. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini wakaitwa Wazanzibari, jina linalotumika hadi leo.

Walikaa Kings Rest, katika kilima cha Bluff kilicho ng'ambo ya lango la bandari, mkabala na Point. Serikali ya ubaguzi wa rangi haikujua iwaweke katika kundi gani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliwaandikisha kuwa "Waasia wengine", ikawahamishia Chatsworth.

Hata hivyo hawakutawanyika. Msikiti, madrasa, ndoa na mazishi viliendelea kuwakutanisha. Serikali iliwapa jina na makazi iliyotaka, lakini ujamaa waliujenga wenyewe, kwa kukutana na kuwajibika baina yao.

Siku ya tatu mpe jembe

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo aghalabu husemwa kumkebehi mgeni asiyeondoka. Lakini ina maana nyingine: aliyepewa jembe si mgeni tena, kwa kuwa shamba sasa linamhusu.

Katika elimu ya juu ya Durban, jembe hilo limewahi kutolewa kwa utaratibu maalumu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, walimu wa kitivo cha elimu katika Chuo Kikuu cha Durban-Westville, ambacho mwaka 2004 kiliungana na Chuo Kikuu cha Natal kuwa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, walianza kuwasimamia wanafunzi wa uzamivu kwa makundi.

Wanafunzi wa kundi moja hukutana mwishoni mwa juma, mara kadhaa kwa mwaka, pamoja na wasimamizi zaidi ya mmoja. Kila mmoja huwasilisha kazi yake na kusikiliza ya wenzake, tangu pendekezo la utafiti hadi uandishi wa tasnifu.

Siri ya utaratibu huu ni kwamba haumwombi mtu awapende wenzake. Unamtaka asome sura zao na kusema zilipokosea. Mwalimu wa shule ya kijijini KwaZulu na mhadhiri kutoka Afrika Mashariki hugundua kwamba kila mmoja anamhitaji mwenzake. Urafiki, ukija, hufuata kazi.

Daraja na ukuta

Nje ya chuo mambo ni magumu zaidi. Kiswahili huwaunganisha Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, hasa panapotokea msiba na michango ikahitajika. Lakini lugha hiyo hiyo yaweza kuwa ukuta kati yao na wenyeji wanaozungumza Kizulu.

Ukuta huo si mrefu kama unavyoonekana. Mtu kwa Kizulu ni "umuntu", nyama ni "inyama", na kufundisha ni "ukufundisa". Anayejifunza lugha ya jirani yake hapa haanzi sifuri.

Umuhimu wa jambo hili umeandikwa kwa damu. Mashambulizi dhidi ya wageni ya mwaka 2008 yaliua watu zaidi ya 60 nchini kote. Mwaka 2015 ghasia zilizuka Durban kwenyewe, na maelfu ya watu wakakimbilia kambi za muda. Mwaka 2025, wanaharakati wanaopinga wahamiaji walisimama langoni mwa hospitali ya umma ya Addington, karibu na Point, wakidai kuona vitambulisho vya wagonjwa.

Hapo ndipo tofauti ya karatasi huonekana wazi. Mwenye viza na bima aweza kwenda kwa daktari binafsi. Mkimbizi wanayeishi naye nyumba moja hulitegemea lango lile lile lililofungwa.

Kwa hiyo jamii ya wasomi inayoishia kwenye uzio wa chuo ni nusu ya jamii. Kipimo chake kamili ni kama mwanafunzi aliye salama atafunga kitabu chake na kumsindikiza jirani yake hadi langoni, na kama kuna mwenyeji anayemjua kwa jina atakayesimama pamoja nao.