Chakula cha Shule Kisiishie Jalalani

Gunia la mahindi likiharibika katika stoo ya shule, pengo halionekani siku hiyo. Huonekana mwishoni mwa muhula, sufuria zinapokaa bila kazi na watoto wanaporudi nyumbani na njaa. Chakula hupotea katika sehemu tatu, na kila moja ina dawa yake.

Stoo. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hushikwa na kuvu kwa urahisi, na kuvu huweza kutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kuchemsha hakuiondoi. Shule ipokee mahindi yaliyokauka pekee, ipange magunia juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Mahindi yenye kuvu yasipikwe wala yasipewe mifugo.

Jikoni. Mpishi apime chakula kwa idadi ya watoto waliofika asubuhi hiyo, si kwa orodha ya waliosajiliwa. Tuseme kila mtoto hupimiwa gramu 150 za mahindi na watoto 20 hawakuja. Wakipikiwa, kilo 3 zimepotea siku hiyo. Kwa siku tano ni kilo 15, ambazo zingewalisha watoto 100. Mwalimu wa zamu ampe mpishi hesabu kabla ya moto kuwashwa.

Sahani. Pure yenye maharagwe magumu hurudi jikoni ikiwa nusu. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi, huwa laini na huokoa kuni. Mtoto wa miaka minne asipakuliwe sawa na wa darasa la sita. Aanze na kidogo, akitaka aongezewe. Mabaki safi ya sahani yapelekwe kwa kuku au kwenye shimo la mboji.

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, nayo shule za msingi zi chini ya serikali ya kitaifa. Lakini pale wazazi wanapochangia mahindi na maharagwe, chakula hicho ni jasho lao. Mzazi, unapohudhuria mkutano wa shule, omba kuonyeshwa daftari la stoo: magunia mangapi yaliingia, mangapi yametoka, na watoto wangapi wamekula.