Ardhi ya umma ina wenyewe

Kila ufikapo mwezi wa Julai, sisi wakazi wa Nyeri hujikunyata. Ukungu hutanda kutwa, jua likaadimika, na Mlima Kenya tunaojivunia ukatufichia uso wake. Huu ndio msimu ambao Kiswahili huuita kipupwe. Hauna theluji hapa mijini, lakini baridi yake hupenya hadi mifupani.

Katika likizo moja ya Agosti, mimi na walimu wenzangu wawili, mmoja wa Karatina na mwingine wa Nanyuki, tuliamua kuikimbia baridi hiyo. Tulikodi gari lenye vitanda na jiko ndani yake, tukapitia Nyahururu na Nakuru, tukateremka hadi Ziwa Bogoria katika Kaunti ya Baringo. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa hilo liko karibu mita 1,000 tu. Huko maji hububujika kutoka ardhini yakiwa karibu na kuchemka, mvuke ukipaa kama moshi wa jikoni. Wageni huchemshia mayai humo. Usiku tulilala bila blanketi.

Asubuhi mzee mmoja wa pale alikuja kutujulia hali. Nami, kwa kiburi cha msomi, nikamwambia kwamba tulifurahi kupata mahali pa kupiga kambi pasipo na mwenyewe, maadamu hii ni ardhi ya umma. Alinitazama kwa upole, akaniuliza: "Mwalimu, huo umma ni nani?"

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, lakini swali hilo lilinishinda. Neno umma tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni watu, jamii yenye kitu kinachoiunganisha. Ajabu ni kwamba tunapolibandika kwenye ardhi, watu hutoweka na kubaki uwanja mtupu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Bogoria. Mwaka 1973 serikali ililitenga eneo hilo kuwa hifadhi ya wanyama, na Waendorois, waliolisha mifugo, kufanya ibada na kuzika wafu wao kandokando ya ziwa, wakaondolewa. Mwaka 2003 walifikisha malalamiko yao kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2010 ulisema kwamba haki zao zilikiukwa, ukapendekeza warejeshewe ardhi ya mababu. Utekelezaji wake umekuwa wa kujikokota.

Sisi watu wa Nyeri ndio tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Sheria ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi waliyokalia Waafrika kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Babu zetu waliamka siku moja wakawa wageni katika mashamba yao kwa nguvu ya neno moja tu. Wahenga walinena kweli: mwenye kovu usidhani kapoa. Inakuwaje basi tusahau kovu letu tunapoliona la mwenzetu?

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 61, inasema kwamba ardhi yote ya Kenya ni mali ya watu wake, wakiwa taifa, wakiwa jamii na wakiwa watu binafsi. Ibara ya 63 inataja malisho na mahali patakatifu pa jamii. Yafaa wanafunzi wazisome ibara hizi kabla ya kufunga mizigo ya safari.

Simwambii mwalimu yeyote asiwapeleke vijana kambini. La hasha! Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alizikwa papa hapa Nyeri mwaka 1941, na itakuwa aibu watoto wetu wasijue kusimamisha hema. Ninachoomba ni kwamba wafundishwe na adabu ya mgeni. Wawatafute wenyeji na kuwasalimu, wamchukue mwongozaji wa pale pale, wasitie sabuni wala taka katika chemchemi, na waulize ni wapi ambapo hapakanyagwi.

Yule mzee nilimwomba radhi. Alicheka, akaketi, tukanywa naye chai. Kisha akatuonyesha kwa mkono upande waliokozikwa watu wake. Tuliliondoa gari letu tukaliegesha mbali kidogo.