Uzi wa Saba: Kununua Gitaa la Metali Ukiwa Baraka

Gitaa la umeme tulilolizoea lina nyuzi sita, na ule mnene kuliko wote hulia mi ya chini: mitikisiko 82 kwa sekunde. Gitaa la nyuzi saba huongeza sauti ya si iliyo chini ya mi hiyo, mitikisiko 62 kwa sekunde. Kwa hesabu ni pengo dogo, lakini ndilo linaloamua urefu wa shingo, unene wa nyuzi, aina ya pikapu, spika, na hata umeme utakaoutumia. Kijana wa Baraka au wa Fizi-Centre, huku mashariki mwa Kongo karibu na Ziwa Tanganyika, aliyejikusanyia dola 300 ili apige metali anahitaji kulielewa pengo hilo kabla hajatoa noti hata moja.

Nyuzi saba hazikuanza jana. George Van Eps alipiga jazi kwa gitaa la namna hiyo huko Marekani tangu miaka ya 1930. Mwaka 1990 kampuni ya Ibanez ya Japani ilitoa gitaa la Universe, lililobuniwa pamoja na Steve Vai, na mwaka 1994 kundi la Korn la California likatoa albamu yake ya kwanza kwa magitaa ya nyuzi saba, uzi wa chini ukiwa umeshushwa hadi la. Tangu hapo sauti hiyo nzito imekuwa mali ya vijana wa kila bara. Huku kwetu Vale of Amonition wanaipiga metali Kampala, na Duma wa Nairobi walitoa albamu yao mwaka 2020 chini ya Nyege Nyege Tapes ya hapo hapo Kampala.

Kongo nayo imekuwa ikibadilisha nyuzi za gitaa kwa muda mrefu. Wapigaji wa rumba wana mtindo unaoitwa mi-composé: uzi wa nne, yaani re, unatolewa, na mahali pake panawekwa uzi mwembamba unaolia re ya juu, oktava moja zaidi. Sifa ya ubunifu huo mara nyingi hupewa Docteur Nico, yule Nico Kasanda wa African Jazz ya Grand Kallé. Hapakuhitajika kiwanda wala gitaa jipya. Uzi mmoja ulibadilishwa, na gitaa lile lile likapata kazi nyingine katika bendi, kati ya solo na akompa.

Basi kwa nini mpiga metali naye asifanye hivyo, ila kwa kwenda chini? Inawezekana kabisa. Chukua gitaa la nyuzi sita, weka seti nene inayoanzia namba 12 na kuishia 60 au 62, kisha lishushe lote liwe si, mi, la, re, fa diezi, si. Kundi la Carcass la Uingereza lilijenga jina lake kwa nyuzi sita zilizoshushwa hivyo hivyo. Itabidi fundi apanue kidogo mifereji ya kile kipande kilicho kati ya shingo na kichwa, maana uzi mnene hauingii katika mfereji wa uzi mwembamba, na shingo ikazwe upya. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na gitaa jipya. Kwa mtu asiyetaka kupiga kingine isipokuwa metali, hiyo ndiyo njia ninayompendekezea kwanza.

Lakini mpigaji wa Baraka mara nyingi si mtu wa muziki mmoja. Jumamosi anataka uzito wake, na Jumapili kwaya inamngoja kanisani, iwe ya CEPAC au ya CELPA, na huko lazima sebene itoke. Nyuzi nene zilizoshushwa haziwezi sebene: vidole vinachoka, zile sauti za juu zinazometameta zinapotea, na kila umbo la mkono ulilojifunza linatoa sauti nyingine. Gitaa la nyuzi saba halikuvurugii lolote, kwa sababu nyuzi zake sita za juu ni zile zile za kila siku, mi hadi mi, na si imeongezwa tu upande wa kidole gumba. Mzungu mwenye magitaa matatu chumbani hana shida hiyo. Mwenye gitaa moja tu la kufanya kazi mbili ndiye hasa anayefaidika na uzi wa saba, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuununua.

Sasa tuje kwenye urefu, maana hapo ndipo magitaa ya bei nafuu yanapotofautiana. Ninaposema urefu nina maana ya sehemu ya uzi inayolia, kutoka kwenye kile kipande kilicho kati ya shingo na kichwa hadi kwenye daraja. Magitaa mengi ya umeme yana milimita 648. Ya nyuzi saba huweza kuwa na 648 hizo hizo, au 673, au 686. Mkazo wa uzi hupanda kwa kipeo cha pili cha urefu: kutoka 648 hadi 686 urefu umeongezeka kwa takriban asilimia 6 tu, lakini mkazo umeongezeka kwa 12. Chukua uzi wa namba 56, ambao unene wake ni kama milimita 1.4. Ukiuweka si kwenye 648, unavutwa kwa nguvu ya kama kilo 6.7. Kwenye 686 unafikia kilo 7.5, karibu sawa na mi ya chini ya gitaa la kawaida, ambayo huvutwa kwa kilo 7.9 hivi. Uzi uliolegea hupanda sauti unapoupiga kwa nguvu kisha hushuka, na mpiga metali hupiga kwa nguvu muda wote. Akordi inatoka chafu, na watu wanadhani gitaa halikutuniwa.

Unaweza kulipa deni hilo la mkazo kwa unene. Uzi wa namba 59 kwenye 648 nao unafika kilo 7.5. Ubaya ni kwamba uzi mnene ni mgumu kupinda, sauti yake inafifia upesi, na kadiri unavyopanda shingoni ndivyo unavyozidi kukosana na nyuzi nyingine. Tena urefu wa 686 haukazi si peke yake. Unakaza nyuzi zote, na ile mi nyembamba ya sebene utaisikia ngumu mpaka ushuke kutoka namba 10 hadi 9. Kwa mtu wa kazi mbili, mimi ningetafuta 673 kwanza. Ikikosekana, 648 yenye uzi wa 59 inatosha kabisa kwa kuishia si. Mwenye kutaka kushuka hadi la kama Korn, huyo ndiye wa 686.

Kwa majina, gitaa la nyuzi saba la bei ya chini huwa ni Ibanez GRG7221, Jackson JS22-7, Schecter Omen-7 au mojawapo ya Harley Benton, jina la duka la Thomann la Ujerumani. Yakiwa mapya, bila usafiri wala ushuru, mengi ya haya huzungukia dola 200 hadi 400. Nisingehangaika sana kuchagua kati ya majina hayo, kwa sababu magitaa mawili yaliyotoka kiwanda kimoja siku moja yanaweza kutofautiana zaidi ya makampuni mawili. Ninachosisitiza ni daraja lisiloyumba. Daraja la kuyumba lenye kufuli hupendeza kwenye video, lakini uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo nyuzi zote zinapoteza sauti, na kulirekebisha kunataka funguo za pembe sita ambazo zikipotea Baraka hutazipata jioni hiyo. Chagua pia pikapu zisizohitaji betri. Zile za betri ya volti 9 ni nzuri, ila betri za dukani kwetu nyingi zinaisha haraka, na betri ikiisha gitaa limekufa.

Ukilishika gitaa mkononi, litazame shingo kutoka mwisho wake kama seremala anavyoukagua ubao. Inatakiwa kuinama kidogo sana kuelekea mbele, isijisokote. Pima nafasi kati ya uzi na freti ya 12: kama milimita 2 upande wa si, na 1.5 upande wa mi nyembamba. Kisha gusa uzi wa saba juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, usikie sauti yake, halafu ukandamize hapo hapo na ulinganishe. Sauti mbili zikitofautiana na daraja halina tena nafasi ya kusogea nyuma, liache gitaa hilo. Ncha za freti zikikukwaruza kiganja si kasoro ya kukataa, maana fundi anazisugua kwa tupa. Hakikisha pia fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo inazunguka, kwa sababu hewa ya ziwani wakati wa mvua si ile ya Juni hadi Agosti, na ubao utasogea.

Umeme ndio unaoharibu metali ya Baraka kuliko gitaa lenyewe. Metali inataka distoshoni nyingi, na distoshoni ni kukuza: kila kinachoingia kinakuzwa, muungurumo wa umeme ukiwemo. Jenereta, na zaidi inveta rahisi ya sola inayotoa wimbi la ngazi badala ya wimbi laini, hujaza waya kelele. Pikapu ya koili moja inazidaka kelele hizo kutoka hewani. Pikapu ya hambaka, iliyobuniwa na Seth Lover wa Gibson mwaka 1955, ina koili mbili zilizozungushwa kinyume, hivyo kelele inayoingia katika koili moja inafutwa na nyingine huku sauti ya uzi ikibaki. Karibu magitaa yote ya nyuzi saba yanayotengenezwa kwa ajili ya metali yana hambaka. Mtu akikuuzia lenye koili moja kwa kazi hii, hata kwa bei ya kutupa, usilichukue. Hambaka hata hivyo haiwezi kufuta kelele inayopitia waya wa umeme wenyewe hadi ndani ya amplifaya.

Kwa sababu hiyo, mtu anayeanzia nyumbani ningemshauri amplifaya ndogo ya betri. Blackstar Fly 3 na Boss Katana Mini zote mbili zinatumia betri 6 ndogo za AA, hazigusi inveta, na ukimya wake kati ya akordi mbili utakushangaza. Usitegemee spika ndogo kama hiyo ikupe mitikisiko 62. Haiwezi, na simu haiwezi kabisa. Lakini sikio huijenga sauti ya chini kutokana na sauti zake za juu, na uzito wa metali uko zaidi katikati ya sauti kuliko chini kabisa. Kule chini mwachie mpiga besi.

Kanisani kuna jambo zito zaidi. Jenereta isiyo na waya wa ardhi, amplifaya ya gitaa kwenye soketi moja na mikrofoni kwenye nyingine: mpigaji anayeshika nyuzi huku mdomo ukigusa mikrofoni anaweza kupigwa na umeme, na umeme huo unaweza kuua. Vyombo vyote vichukue umeme mahali pamoja, jenereta iwe na chuma kilichozikwa ardhini, na anayepiga huku akiimba aweke sifongo kavu juu ya mikrofoni. Ninawaomba viongozi wa kwaya walisimamie hilo kabla ya kununua chombo kingine chochote.

Namna ya kulifikisha gitaa nayo iingie kwenye hesabu. Bidhaa za Baraka huja kwa barabara ya Uvira inayopita Makobola, Swima na Mboko, ambayo mvua huitesa, au kwa maboti kutoka Kigoma. Duka la gitaa la nyuzi saba njiani humo usilitarajie. Lakini Fizi ina watoto wake wengi ng'ambo, waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa wako Marekani. Kaka au shangazi anayekuja kutembelea anaweza kulibeba, mradi shingo imefungwa kwa skrubu na si kwa gundi: akifungua skrubu nne, shingo na mwili vinaingia katika sanduku kubwa la nguo, na kichwa cha shingo, ambacho ndicho huvunjika kwa urahisi, kinazungushiwa blanketi. Mwambie asizipoteze zile skrubu wala vibao vyembamba vinavyoweza kukaa chini ya shingo. Risiti ya dukani isafiri pamoja na gitaa ili watu wa forodha, yaani DGDA, mpakani wakadirie ushuru kwa bei ya kweli. Na dola utakazomrudishia ziwe noti nzima, maana yenye mchaniko mdogo tu huku kwetu inakataliwa.

Mwagize pia nyuzi, lakini si seti nzima za nyuzi saba. Zinazokatika mara kwa mara ni zile nyembamba, na hizo ni za seti ya kawaida ya nyuzi sita inayopatikana Bujumbura au Kigoma. Uzi wa saba hukatika mara chache. Wenyewe hufa, yaani hupoteza mng'ao wa sauti kwa jasho na unyevu. Basi nunua nyuzi za si tatu au nne za namba 59 zinazouzwa mojamoja, zikae katika mfuko uliofungwa pamoja na kitambaa kikavu, na kila unapomaliza kupiga upanguse uzi huo juu na chini kabla ya kulirudisha gitaa kwenye mfuko wake. Ukitunza hivyo, akiba hiyo inakutosha mpaka mgeni mwingine aje.